Rais Anakuja Mjini Kwetu: Maswali ya Mwenye Kibanda, Mwenye Gesti na Bodaboda

Kwa miaka mingi sikukuu za kitaifa nchini Kenya zilikuwa shughuli ya Nairobi. Aliyetaka kumwona Rais akikagua gwaride alipanda basi la usiku, na asiyekuwa na nauli aliwasha redio. Mwaka 2016 Sikukuu ya Madaraka ikapelekwa Nakuru, uwanja wa Afraha, na tangu hapo zamu imezunguka: Meru, Narok, Kakamega, Kisii, Wang'uru kule Kirinyaga, Embu, Kericho, Bungoma, Kwale, Homa Bay, Kitui. Baadhi ya hiyo ni miji mikubwa iliyozoea wageni. Mingine ni miji midogo yenye barabara kuu moja, soko moja, steji moja ya matatu, na gesti ambazo wenyewe wanajuana kwa majina.

Mji unapotajwa kuwa mwenyeji, maneno huanza siku hiyo hiyo. Mwenye gesti anapaka rangi. Mama wa chapati anauliza kama akope. Mwenye kibanda cha pembeni mwa barabara halali, maana kasikia barabara itapanuliwa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayoulizwa zaidi, na mfano utakaorejewa mara nyingi ni Kwale, iliyopokea Sikukuu ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2024. Mengi yanahusu pia ziara ndogo: kiongozi kuja kufungua barabara, kuchanga kanisani, kuzika, au kuomba kura. Tofauti ni ukubwa tu.

Pesa ya ugeni huja lini hasa?

Wengi wanaitega siku yenyewe, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kwa mfanyabiashara wa mji mdogo, siku ambayo Rais yupo mara nyingi ndiyo siku ngumu ya kuuza. Barabara zinafungwa kabla ya jua kutoka. Watu wanaambiwa wawe uwanjani mapema, wanapanga foleni ya ukaguzi, na wakishaingia ndani hawatoki mpaka hotuba ziishe. Mara nyingi chupa na vifurushi vya chakula vinaachwa mlangoni. Duka lililo mita mia mbili kutoka uwanjani, lakini upande usiofaa wa kizuizi cha polisi, laweza kukaa asubuhi nzima bila mteja huku kelele za gwaride zikisikika hadi ndani.

Pesa yenyewe huingia mapema zaidi, na huingia kwa miguu. Wa kwanza ni mafundi. Uwanja wa mji mdogo hauko tayari kupokea sherehe ya taifa, hivyo wiki kadhaa kabla huja malori ya kokoto, waashi, wachomeleaji, wapaka rangi, mafundi wa umeme. Hao wanakula mchana kila siku na wanalala mjini. Baada yao huja watu wa usalama wa kukagua njia na majengo, kisha wafanyakazi wa itifaki, kisha mafundi wa vipaza sauti, skrini na mitambo ya televisheni. Halafu yanaanza mazoezi: wanajeshi, polisi, vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), bendi, kwaya, wanafunzi wa ngoma za asili. Kundi kubwa kuliko yote ni polisi wanaoletwa kutoka kaunti nyingine. Polisi huyo amelala kwenye shule au hema, ana posho ndogo, na saa kumi na moja alfajiri anataka chai ya maziwa na mahamri mawili kabla ya kupangwa barabarani. Kwa mwenye kibanda, huyo ndiye mgeni wa taifa.

Wakubwa wana njia yao. Mji wa Kwale uko juu ya vilima vya Shimba, na hoteli kubwa za kaunti ziko chini pwani, Diani. Waziri, balozi au mbunge anayekuja Kwale ana kila sababu ya kulala Diani au Mombasa, kupanda mlima asubuhi kwa msafara, kukaa jukwaani, kisha kushuka. Pilau yake ya mchana huandaliwa na mpishi aliyepewa kazi na ofisi, mbali na hoteli za pale sokoni. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba ugeni umeleta faida kwa sekta ya hoteli, uliza kwanza ni hoteli za wapi. Mfuko wa kaunti ni mmoja, lakini kutoka Diani hadi soko la Kwale pesa haitelemki wala haipandi yenyewe.

Kwa hiyo nafasi za kuuza kwa mtu wa chini ni hizi: wiki mbili au tatu za matayarisho, jioni ya mkesha ambapo mabasi yanawasili, alfajiri ya siku yenyewe kabla vizuizi havijakazwa, na saa moja au mbili baada ya Rais kuondoka, pale umati wenye njaa na kiu unapomiminika barabarani kwa mpigo. Saa hizo za mwisho zinawaponyoka wengi. Mtu amechoka, amekata tamaa asubuhi, amefunga duka kwenda kutazama helikopta. Anaporudi, wateja wameshapita.

Siku ya pili je? Sheria ya Kenya inasema sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata nayo ni mapumziko. Mashujaa ya 2024 iliangukia Jumapili. Mwenye gesti aliyelijua hilo mapema alijua pia kwamba baadhi ya wageni wasingekuwa na haraka ya kurudi kazini. Aliyeuza chakula kwa wafanyakazi wa ofisi za kaunti alijua kinyume chake.

Ninunue mzigo kiasi gani?

Kiasi unachoweza kukiuza katika wiki ya kawaida, na nyongeza kidogo. Jibu hili halipendwi, lakini tulipige hesabu. Tuseme mama mmoja huuza chapati kwa shilingi 20. Anaamua kununua pakiti kumi za unga wa kilo mbili, ambazo zitampa chapati kama 180. Unga tuseme umemgharimu shilingi 1,900, mafuta 600, makaa 200: jumla 2,700. Akiziuza zote anapata 3,600, yaani faida ya 900. Zikimbakia 50, ameuza 130 tu, amepata 2,600. Amepiga magoti mbele ya jiko tangu saa nane usiku, na kapoteza shilingi mia. Na kama unga aliukopa kwa riba ya kwenye simu, hasara si mia tena.

Ndiyo maana wazoefu huongeza bidhaa zisizooza. Maji ya chupa, soda, biskuti, njugu, kashata na mabuyu yatauzwa wiki ijayo kama hayakuuzwa leo. Madafu yanastahimili siku kadhaa yakiwa hayajakatwa. Nyanya, maziwa, samaki wa kukaanga na viazi karai vitakugeuka jioni hiyo hiyo. Bendera ndogo, fulana zenye picha na kofia za rangi za taifa zina shida yake: mkesha ni mali, kesho yake ni takataka. Mchuuzi anayezunguka kutoka mji hadi mji akifuata sherehe anaweza kuzibeba hadi sikukuu nyingine. Wewe wa mji mmoja utazitundika wapi?

Tena maafisa wa afya ya umma hupita sana katika wiki hizi. Cheti cha afya cha anayeshika chakula hudumu miezi sita tu. Angalia chako kimeisha lini kabla hawajakiangalia wao.

Wanaweza kunifungia au kunibomolea kibanda?

Tutenganishe mambo mawili ambayo kwenye vurugu za matayarisho huchanganywa, wakati mwingine kwa makusudi.

La kwanza ni kuambiwa usifungue, au uhamishe meza kwa siku moja kwa sababu ya usalama. Hilo hutokea karibu na uwanja na kwenye njia ya msafara, na polisi wana mamlaka mapana ya kudhibiti barabara na mikusanyiko. Ukiambiwa hivyo, usipoteze nguvu kubishana na askari aliyetumwa. Uliza mambo mawili: agizo limetoka ofisi gani, na unaruhusiwa kurudi saa ngapi. Mwulize pia chifu, kwa sababu yeye huketi kwenye vikao ambavyo wewe huviingii, na mara nyingi ramani ya barabara zitakazofungwa anayo wiki nzima kabla yako.

La pili ni kubomolewa moja kwa moja. Hapa Katiba ya 2010 ina la kusema. Kifungu cha 40 kinalinda mali, na cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haki, pamoja na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Sheria za ardhi zilizorekebishwa mwaka 2016 zinataka watu wanaokaa kwenye ardhi ya umma bila idhini wapewe ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Ugeni wa Rais haufuti miezi hiyo. Hakuna sheria ya Kenya inayosema mji ukipata mgeni mkubwa vibanda vinakuwa takataka.

Lakini nisikudanganye. Vibanda vingi vimesimama kwenye hifadhi ya barabara, na hapo wenye barabara wana nguvu za kisheria na hawana subira. Leseni ya biashara ya kaunti inakuruhusu kuuza, haikupi haki ya kipande cha ardhi unachouzia. Hata hivyo inasaidia: mwenye leseni na risiti za malipo ya kila siku husikilizwa pale asiye na karatasi anapofukuzwa. Piga picha ya kibanda chako kilivyo sasa, pamoja na bidhaa ndani, uziweke kwenye simu na umtumie mtu mwingine. Ilani ikija kwa mdomo, iombe kwa maandishi. Ikija usiku kwa tingatinga, ulichonacho ni hizo picha, namba ya gari la askari wa kaunti, na majina ya majirani walioona. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Yanayohusu maafisa wa kaunti huanzia kwa mwakilishi wadi, na yakishindikana huenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo watu huiita Ombudsman.

Ofisi imenipa LPO ya viti, hema au chakula. Nikubali?

Swali hili lina uzito kuliko yote, na ndilo lililowaumiza wengi.

LPO ni karatasi ya ofisi ya umma inayosema: tuletee, tutalipa. Kwa mwenye hema mia mbili au mpishi wa harusi, kupata LPO ya sherehe ya taifa ni jambo la kujivunia. Tatizo ni neno "tutalipa". Kufikia katikati ya 2024 kaunti za Kenya zilikuwa na madeni ya wauzaji na makandarasi ya zaidi ya shilingi bilioni 150 kwa mujibu wa Mdhibiti wa Bajeti, na hiyo ni bila kuhesabu madeni ya serikali kuu. Ndani ya fungu hilo wamo watu waliojenga barabara, waliouza dawa, na waliokodisha viti vya plastiki.

Kazi za ugeni zina hatari zaidi ya kazi za kawaida kwa sababu hufanywa mbio. Tarehe haisogei. Afisa anapiga simu: "Dada, leta tu hema, karatasi tutamalizia kesho." Hema zinaenda, sherehe inakwisha, afisa anahamishwa, na karatasi ya kesho haijawahi kuandikwa. Bila LPO iliyotiwa sahihi kabla ya bidhaa kutoka, wewe kisheria hukuuza kitu, ulisaidia. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, ofisi haiwezi kukulipa kwa uhalali kwa jambo ambalo halikupitia utaratibu, hata kama kila mtu aliliona lile hema.

Kwa hiyo, kabla ya gari kupakiwa: LPO iwe mkononi, iwe na namba, kiasi, bei na sahihi. Ukipeleka, mpokeaji atie sahihi kwenye hati ya kupokelea, aandike jina lake na tarehe. Toa ankara yako kupitia eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi, na ofisi nyingi hazitagusa karatasi nyingine. Weka nakala ya kila kitu nyumbani.

Kama ninyi ni kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, sheria hiyo hiyo inawatengea asilimia 30 ya manunuzi ya umma, mradi mmesajiliwa katika mpango wa AGPO. Cheti chake hakipatikani kwa wiki moja ya msukosuko. Ukisikia mji wako umetajwa kwa mwaka ujao, anza leo.

Na swali la kujiuliza peke yako usiku: nikilipwa baada ya mwaka mmoja, biashara yangu itakuwa hai? Kama jibu ni hapana, kodisha hema zako kwa kwaya, kwa kampuni ya mitambo, kwa chama cha wafanyabiashara, kwa yeyote anayelipa nusu kabla. Bei itakuwa ndogo. Hela itakuwa yako. Njia nyingine ni kufanya kazi chini ya mwenye zabuni kubwa, lakini naye mwandikishane, maana yeye akicheleweshwa atakuchelewesha mara mbili.

Naruhusiwa kupandisha bei?

Kwa bidhaa nyingi, ndiyo. Hakuna bei ya serikali ya chapati wala ya chumba cha gesti. Mafuta ya gari ni habari nyingine: bei za juu kabisa za petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, na kituo kinachozivuka kinavunja sheria, ugeni uwepo usiwepo. Vinywaji vya pombe navyo vina saa zake. Baa ya kawaida kwenye siku ya mapumziko hufunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa tano usiku.

Ila kuruhusiwa si kushauriwa. Mwenye gesti anayemtoza fundi wa televisheni mara tatu ya bei ya juzi atampata kwa usiku huo. Kundi hilo hilo la mafundi, madereva na wapiga picha ndilo litakaloulizwa mwaka mzima na wenzao: ukipita Kwale, unalala wapi? Zaidi ya hapo, kuna wateja wako wa kila siku. Mwalimu anayekunywa chai kwako tangu Januari akikuta kikombe kimepanda kwa sababu ya wageni, hatasema neno. Atahamia kwa jirani.

Bodaboda na matatu watafanya kazi?

Watafanya, kwa shida. Siku kadhaa kabla, wanasiasa hukodi matatu kubeba watu wao, na njia za kawaida zinabaki bila magari. Dereva anayelipwa pesa taslimu asubuhi amefaidi. Anayeambiwa "utaonana na meneja wa mheshimiwa baadaye" atamtafuta meneja huyo hadi Krismasi. Bodaboda hupata sana mkesha na alfajiri, kisha huzuiwa kabisa karibu na uwanja. Nafasi yao ni kuwashusha watu kwenye kizuizi cha mwisho na kuwangoja hapo hapo baadaye. Kwa Kwale, wanaotoka Mombasa bara sasa wanaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu bila kungoja feri ya Likoni, kwa hiyo abiria hawaingii tena kwa wimbi la feri moja baada ya nyingine kama zamani. Anayepanga biashara yake kwa kutazama saa za feri atakosea.

Na M-Pesa?

Umati mkubwa mahali pamoja huelemea mtandao, na ujumbe wa malipo waweza kuchelewa wakati mteja ameshika soda yako mkononi. Weka chenji ya sarafu na noti ndogo. Wakala atakaukiwa na pesa taslimu kabla ya floti, kwa sababu wageni hutoa kuliko wanavyoweka. Pokea malipo kwa namba ya till badala ya namba yako ya simu: aliyetuma kwa simu anaweza kuomba pesa irudishwe akishafika mbali, na utabaki kulumbana na huduma kwa wateja. Noti ya elfu ipapase na uitazame kwenye mwanga kabla ya kutoa chenji. Wezi wa mifukoni nao husafiri kufuata sherehe.

Baada ya msafara kuondoka, kuna kitu kinabaki?

Wakati mwingine kinachobaki hakiko hata mjini. Tarehe 20 Oktoba 2021, kwenye uwanja wa Wang'uru katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuondoa kafyu ya usiku ya korona iliyokuwepo tangu Machi 2020. Kila baa, kila hoteli ya chakula cha jioni, kila basi la usiku nchini lilifaidika dakika ile. Wang'uru ilipata fungu lake sawa na Lodwar na Lamu.

Kinachobaki mjini kwa kawaida ni vitu: uwanja uliokarabatiwa, taa za barabarani, kipande cha lami, mabomba. Faida ya vitu hivyo inategemea nani anavitumia kesho yake. Uwanja ukifungwa kwa kufuli na kusubiri mgeni mwingine, ni ukuta mzuri tu. Ukichezewa ligi kila Jumamosi, mama wa chapati amepata wateja wa kudumu. Hili si jambo la kumwachia Rais. Ni la kumuuliza mwakilishi wadi: uwanja utasimamiwa na nani, utakodishwa kwa kiasi gani, na wachuuzi watakaa wapi siku za mechi?

Kogelo, kijiji cha babake Barack Obama huko Siaya, kimejifunza mengi kuhusu kungoja. Baada ya Obama kushinda uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, umeme ulifikishwa kwa haraka nyumbani kwa nyanya yake wa kambo, Mama Sarah Obama. Julai 2015 Obama alikuja Kenya akiwa Rais, akakaa Nairobi, na Kogelo hakufika. Alifika Julai 2018, akiwa raia wa kawaida, kufungua kituo cha vijana cha Sauti Kuu kilichoanzishwa na dada yake Auma. Kati ya ziara hizo mbili, aliyewekeza kwa kutegemea siku moja ya 2015 alipata hasara. Kituo bado kipo, na watoto wanakitumia.

Ireland wana mifano miwili ya kutazama. Kijiji cha Moneygall, chenye watu kama 300, kilitembelewa na Obama Mei 2011 kwa sababu mmoja wa mababu zake upande wa mama alihama kutoka huko karne ya 19. Miaka mitatu baadaye kikafunguliwa kituo kikubwa cha mafuta na chakula kando ya barabara kuu, kikapewa jina lake. Wanaosimama pale ni wasafiri wenye njaa na tanki tupu. Jina ni kivutio tu, biashara yenyewe ni barabara. Ballyporeen ilitembelewa na Ronald Reagan Juni 1984, na baa moja ya kijiji ilibeba jina lake. Watalii walipopungua baa ikafungwa, na mapambo yake yakasafirishwa hadi California kuwekwa kwenye maktaba ya Reagan. Kaunta imevuka bahari, kijiji kimebaki.

Rais alisimama njiani akaahidi soko. Tunafuatilia vipi?

Ahadi iliyotolewa juu ya gari haina namba ya bajeti. Mpaka iingie kwenye makadirio ya wizara au ya kaunti, ni maneno, hata kama yalipigiwa makofi na kurekodiwa na simu elfu moja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuihifadhi ile rekodi pamoja na tarehe, kisha kuangalia jambo lenyewe ni la nani. Masoko, leseni na barabara za vijijini ni kazi ya kaunti kwa kiasi kikubwa. Barabara kuu ni ya serikali ya taifa. Ahadi ya soko iliyotolewa na Rais yaweza kukaa miaka kwa sababu tu kila upande unasema ni kazi ya mwenzake.

Pili, andikeni barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Barua haihitaji wakili wala Kiingereza. Inatosha kusema: tarehe fulani iliahidiwa soko katika mji wetu, tunaomba kujua kama fedha zimetengwa, ni kiasi gani, katika mwaka upi wa fedha, na nani amepewa kazi. Anayeandika anaweza kuwa mtu mmoja, lakini barua ya chama cha wachuuzi yenye mhuri husomwa haraka zaidi. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Siku 21 zikipita kimya, nakala hiyo ndiyo ya kupeleka kwa Tume ya Haki za Kiutawala.

Wakati mzuri wa kuipeleka barua yenyewe ni kabla ya Februari kwisha, kwa sababu bajeti za mwaka unaoanza Julai hupikwa wakati huo, na vikao vya maoni ya umma hutangazwa kwenye magazeti na kwenye mbao za ofisi za wadi. Watu wachache huhudhuria. Mchuuzi anayekwenda pale na ile rekodi ya kwenye simu atakuta viti vingi vitupu, na afisa wa mipango aliyepewa kazi ya kuandika kila linalosemwa.